Barakoa ya Buluu Uliyoificha

Editha,

Mjinga wewe. Naanza hivyo kwa sababu ulipokuwa hai nilikwambia kwa upole na hukusikia. Sasa huwezi kunikatiza, tulia usikilize. Na usidhani nimemwita mjukuu aniandikie. Ni mkono wangu huu, darasa la pili langu linanitosha.

Barakoa yako nimeiona. Tulifungua sanduku lako kutafuta kanga ya kukuvika, nayo ilikuwa chini kabisa, ile ya buluu aliyokushonea dada yako Spesi kule kambini kwa wakimbizi. Imekunjwa vizuri, mpya, haijagusa pua ya mtu. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Wenzangu wakadhani nalia msiba.

Sababu yako naijua. Kambini waligawiwa kitambaa cha aina moja, na hapa Kasingirima kila mtu anakijua. Uliniambia pale mwaloni, ufukweni, tukigeuza dagaa, "Dada, nikiivaa hii wataniuliza kibali cha kukaa nje ya kambi." Basi ukawa unavaa ile ya kuazima. Barakoa moja, wanawake wote wa mwaloni! Anayeingia zahanati, wasikompokea mtu pua wazi, anaivaa, akitoka anamvika mwenzake mlangoni, bado ina joto la mdomo wake. Mkaita huo upendo. Wewe hukujua kukataa cha mtu.

Miaka yote hiyo tangu mvuke ziwa mkikimbia vita, mume wako umemzika hapa hapa, Kiha unakisema kunishinda, na bado ulimwogopa mtu wa kukuuliza umetoka wapi. Ungeniita nimjibu mimi. Mdomo wangu unaujua.

Kikohozi kikaja, ukasema ni moshi wa kubanikia samaki, migebuka yako. Moshi gani, Editha. Moshi gani unaomlaza mtu hawezi kumaliza neno.

Unadhani watu wamejifunza? Siku ya kukuzika walikuja na barakoa zimening'inia kidevuni kama ndevu za beberu. Tumetoka kaburini, mtungi wa pombe ukaletwa, mrija mmoja, ukaanza kuzunguka mdomo hadi mdomo. Uliponifikia nikaukataa. Unajua kwetu kuukataa mrija ni kusema mwenye mtungi ni mchawi. Mzee Bukuru, mwenye mtungi, akaniangalia akasema, "Bibi, unatuona tuna sumu?" Nikamwambia, sumu huna, mate unayo. Tangu siku hiyo ananipita njiani kama anapita kisiki. Apite.

Kinachonichoma ni kingine. Jumamosi tunaondoa matanga, na Spesi amepata kibali cha kuja. Hakukuona ukiugua, hakukuzika, anakuja kukulilia siku moja tu kisha anarudi. Na tayari nimewasikia vijana kisimani: "Huyo wa kambini asije kutukoholea." Wao wanaonyonya mrija mmoja! Kule kambini wananawa na kuvaa, huku mjini tunacheka, halafu mgonjwa tunamtafuta kwao. Anamleta nani ugonjwa hapa?

Sasa nimefanya hivi. Shuka langu la buluu, lile ulilolisifia siku ya harusi ya binti yangu, nimelikata. Ndiyo, lile. Nimeshona barakoa mpaka vidole vimevimba, na atakayekuja matangani atapewa ya kwake mlangoni. Wote tutakuwa buluu. Anayetaka kumjua mkimbizi ni yupi, aanze kutafuta. Matete nayo yamekuja kutoka Ilagala, nimeyakata vipande, kila mtu mrija wake. Mzee Bukuru nimemkatia mrefu, asije akasema nimembania.

Ile ya kwako nitaivaa mimi. Niulizwe mimi hicho kibali.

Nimekukasirikia, mdogo wangu, na sijui hasira hii nitaiweka wapi. Asubuhi naenda mwaloni, natandika dagaa, naacha nafasi upande wako, kisha naziona dagaa za mtu mwingine zimejaa pale. Hilo peke yake nimelinyamazia.

Lala salama, Editha. Spesi nitamshika mkono kama ndugu yangu wa tumbo moja, hilo nimekuahidi, na barua hii nitaisoma mwenyewe Jumamosi hiyo kaburini kwako, kwa sauti, wote wamesimama.

Kwa hiyo nyie mnaonisikia, pandisheni hizo barakoa zifunike pua. Mzee Bukuru, na wewe. Haya, sogeeni, mpisheni Spesi aje akae mbele, na asiulizwe na mtu ametoka wapi.