Ndoo ya Mama Mkubwa

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
13 Februari 2025

Mpendwa dada Ruqaya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, shemeji na watoto wazima, na joto la huko Maskati halijaanza kuwachoma. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ummy ana mafua kidogo, anakusalimu. Mama yako, Mama Mkubwa Mauza, naye mzima, ila lile bega. Habari ya bega ndiyo iliyonitoa kwenye simu ikaniweka kwenye karatasi. Ujumbe wa sauti nimekurekodia mara tatu, na mara tatu nimeufuta. Hii ataibeba Nasma, anayesafiri kuja huko kesho, sitaweza kuifuta.

Unaikumbuka ile mipira ya matone uliyonitumia, nimwagilie asumini za marehemu bibi hapa uani kwangu. Niliifunga siku ileile. Lakini maji yetu unayajua: yanakuja alfajiri, hayana nguvu, kujaza jagi moja ni kazi. Vyungu vitatu vya mwanzo vilipata, asumini za ukutani zikabaki na vumbi. Na wewe kila Ijumaa unataka picha ya maua.

Nikamwita fundi Pantaleo wa Mchikichini. Akanishauri nitafute tangi dogo, niliinue juu ya jukwaa, lijae polepole, kisha maji yashuke yenyewe. Mimi nikaona mlolongo. Nikataka anifungie pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Akaweka spana chini.

"Bomba hili mnatumia nyumba mbili, Muaz. Pampu haiongezi maji. Inamnyang'anya wa mwisho."

Nikamjibu kwamba fundi ni yeye, mwenye nyumba ni mimi. Akakusanya vyombo vyake akaondoka. Nikatafuta mwingine asiye na maneno mengi.

Siku ya kwanza presha ilizidi, mpira ukachomoka kwenye kiungo, maji yakarukia khanga za Ummy kambani. Tulicheka sana. Nikabana koki kidogo, matone yakafika hadi ukutani, na baada ya wiki mbili nikakutumia ile picha ukaniita bwana shamba. Picha ile sasa sitaki hata kuiona.

Wiki ileile pampu ilipofungwa, bomba la Mama Mkubwa lilikauka. Tunapakana ukuta, na wa mwisho ni yeye. Hakulalamika. Alisema ni mambo ya mgao, akachukua ndoo yake ya bluu akaja kuniomba maji ya udhu na ya kupikia. Nikamjazia. Akainua mikono akaniombea, Mungu asiukaushe mlango wangu, atujaalie mtoto mimi na Ummy baada ya miaka yote hii. Nikaitikia amin. Dada, niliitikia, na pampu inanguruma nyuma yangu.

Karibu miezi miwili ikawa hivyo, ndoo na dua, ndoo na dua. Nilijitolea kumbebea mara moja tu, akasema asinisumbue, nami sikusisitiza. Niliogopa kuingia jikoni kwake nikalikuta lile bomba limekauka. Uliponiuliza bega limepatwa na nini nikakujibu ni umri. Ukatuma dawa ya kuchua, na shukrani juu yake, eti bila mimi mama angekuwa mpweke. Nilimsomea Ummy ujumbe wako tukiwa mezani, chakula kikanishinda. Yeye akasema tu kwamba wema wa kuiba hauna thawabu.

Jumatatu nimeing'oa pampu. Pantaleo nilimfuata mwenyewe nikamwomba radhi. Ametujengea jukwaa la tofali juu ya choo cha uani, tangi limekaa, maji yanashuka taratibu na kila chungu kinapata chake. Kumbe yalitakiwa matofali na subira, basi.

Kesho yake bomba la Mama likatoa maji. Akanijia na sahani ya kaimati, furaha tele, akasema ni dua zake na wema wangu. Kaimati zile alikula Ummy.

Hapa niliweka kalamu chini nikaenda kwake. Sasa nimerudi, naendelea.

Nimemweleza yote, kuanzia Pantaleo mpaka bega. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza akaenda kuleta ile ndoo ya bluu, akaiweka miguuni pangu.

"Nijazie kwako," akasema. "Na leo uilete mwenyewe mpaka jikoni."

Bomba lake lilikuwa linatoa maji, nalisikia. Nikaenda kwangu nikajaza, nikaibeba, nikaitua jikoni kwake. Nikasimama kidogo, nikingoja mikono yake iinuke kama siku zote. Akasema ahsante, akarudi kwenye mchele wake.

Ameniambia kesho alfajiri niilete tena. Nitaipeleka, na keshokutwa, mpaka aseme basi.

Nigombeze, dada, ni haki yako, nami sitajitetea. Nisalimie shemeji Suud, na wanangu Salma na Abubakary. Mola awahifadhi ugenini na awarudishe nyumbani salama. Na ukiinua mikono huko, nitaje na mimi, maana dua ya mama yako kwa sasa sina.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nionaye haya kukutazama,
Muaz