Jaji Alikufa Msimu wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo mwisho. Nimeapa. Sitazami tena ile tamthilia!

Jaji amerudi. Jaji yuleyule tuliyemzika msimu wa tatu, jeneza likafukiwa, mjane akazirai, saluni nzima tukalia mpaka mteja mmoja kope zake za bandia zikamdondokea mapajani. Leo kaingia mlangoni na sura nyingine kabisa — mwigizaji mpya, mfupi, kidevu hana — na mkewe anamwambia eti umebadilika kidogo. Kidogo! Tamthilia hii ilishakwisha zamani, ila hakuna aliyeiambia.

Na Wifi anapiga makofi. Mtu mzima, dada mkubwa wa mume wangu, kitana mkononi, anapiga makofi. Eti nilijua, si niliwaambia hajafa? Runinga ni yake. Aliileta alipojipachika kwenye saluni yangu mwaka juzi, akaitundika juu ya kioo kikubwa, palepale ninapotaka wateja wajitazame. Toka siku hiyo, ikifika saa kumi jioni, hapa hakuna anayejitazama.

Nimemwambia mimi nimeacha. Kacheka. Akasema: wewe, wifi? Wewe ndiye utakayetuuliza kesho imekuwaje.

Hanijui huyu.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi nimejifungia chumba cha nyuma nikikunja taulo. Ishirini na mbili. Nikazikunjua, nikazikunja upya. Sauti nilizisikia, lakini kusikia si kutazama.

Jaji mpya anaongea puani.

Nilichungulia mara moja. Haya, mara tatu. Wifi akaniona. Akavuta kiti, akakipigapiga kwa kiganja kama anayemwita mtoto. Nilimchukia!

Nikakaa.

Jumatano, 5 Machi

Naandika nilivyofanya, maana kusema sitasema.

Mkunga alikuja kuweka dawa ya kulainisha nywele. Mama huyu ndiye aliyewapokea wanangu wote wawili. Kichwa chake hakiguswi na mtu ila sisi. Wifi ndiye aliyempaka, kama dakika tano kabla ya saa kumi. Halafu akaandika kwa chaki kwenye kona ya kioo saa ya kumwosha: 10:15. Ndiyo desturi yetu, maana tuko wawili na vichwa ni vingi. Anayepaka anaandika, aliye karibu anaosha. Maji yalikuwa yamekatika. Wifi akabeba ndoo mbili kwenda kuchota jengo la jirani. Akasema, wifi, mwangalie mama, saa iko kwenye kioo, maji ya kuanzia yamo kwenye ile ndoo ya bluu.

Nikasema sawa.

Na hapo hapo Jaji akaletewa bahasha. Majibu ya vipimo — ni Jaji kweli, au ni mtu mwingine aliyekuja kula mali ya marehemu? Akaishika. Akaiweka. Akaishika tena.

Mkunga akasema inawasha. Nikamwambia bado kidogo, mama. Akasema tena: binti, inachoma. Nikamjibu — nilimjibu nikicheka! — vumilia mama, si ndivyo unavyotuambia sisi tukiwa leba? Wateja wakaangua kicheko. Naye akacheka, akanyamaza.

Bahasha haikufunguliwa. Yakaja matangazo. Nikatazama saa: kumi na dakika thelathini na nane.

Dawa ya dakika ishirini ilikaa zaidi ya arobaini. Nilimlaza kwenye sinki, nikamfunika macho kwa taulo, nikamwagia maji. Nywele zilinifuata mkononi. Kisogoni ngozi imechubuka, nyekundu, inachuruzika maji. Hakupiga kelele. Alishika tu mikono ya kiti.

Nje nikasikia ndoo za Wifi zikigongana ngazini. Wateja macho yao yalikuwa juu, kwenye tangazo la sabuni. Chaki ilikuwa palepale. Ile moja ya katikati nikaifanya nne, vistari viwili tu. 10:45.

Alipoingia nikamwambia kwa sauti kubwa: wifi, uliandika nini hapa? Mimi nimefuata chaki yako!

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaenda kwa Mkunga asubuhi na mapema, na dawa ya vidonda. Kapiga magoti. Kasema kosa ni lake, aliandika kwa haraka kwa sababu ya maji, na macho yake siku hizi si yale. Alirudi kope zimevimba. Akaniomba radhi mimi! Eti kwa kunitia aibu mbele ya wateja.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini huyu mtu miaka miwili ananikosoa hadharani, rasta zangu zimelegea, mikono yangu mizito — mara moja tu aonekane yeye ndiye mkosaji, dunia itapasuka? Nikamwambia yaliyopita si ndwele, wifi. Akanishika mkono akanishukuru.

Runinga hakuiwasha. Saa kumi ikapita kimya, na mimi nimeshinda na hasira mpaka jioni.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu kasema dada yake apumzike. Macho yamekwisha, mwisho atampofua mtu. Mimi nikajitia hamnazo. Nikasema ni kama utakavyoona wewe, baba.

Miaka miwili naiombea siku hii! Saluni yangu, peke yangu, hakuna wa kunikoholea mgongoni.

Akasema Jumanne atakuja kumsaidia dada yake kubeba vitu vyake. Kiti, draya, runinga.

Runinga!

Nimemuuliza mteja mmoja imefikia wapi. Bahasha bado haijafunguliwa. Inazunguka mkono kwa mkono toka juzi. Upuuzi mtupu. Mwenye akili zake angeshaacha.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi hakuja. Nimekiosha kioo kizima kwa sabuni, mara tatu. Ukisimama upande wa dirisha ile nne bado inaonekana.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haraka. Chumba cha nyuma, daftari juu ya taulo. Ni saa kumi na nusu.

Wifi alikuja na maboksi. Mume wangu kasema anachelewa. Tukakaa, tukatazamana. Ikafika saa kumi, akasema kwa upole: wifi, tumalizie hii moja pamoja, ndiyo tuichomoe. Akavuta kile kiti. Nikakaa. Na raha niliyoipata, aibu kuiandika.

Ndipo Mkunga akaingia. Kilemba kichwani, saa yake ya kazini imebanwa kifuani kama siku zote. Wifi akasimama, akaanza tena kuomba radhi. Mkunga akamkatiza.

Kasema: mimi miaka thelathini kazi yangu ni kutazama saa. Mtoto akitoka, naandika dakika. Wewe ulipoondoka na ndoo, kioo kiliandikwa kumi na robo. Nilipokuwa naungua, kumi na robo. Nilipofunuliwa macho, kumi na moja kasorobo. Chaki haina miguu. Kuambiwa nivumilie na nikavumilia, hilo ni langu. Lakini nimekaa siku sita namsubiri mwenyewe aje aseme. Naona nitazeeka.

Wifi alinigeukia. Kama angekasirika ningejua la kumjibu! Alinitazama tu, rimoti mkononi, kama mtu anayehesabu upya jambo alilokwisha kulihesabu.

Nikasema ngojeni nilete taulo. Taulo ya nini, hata sijui.

Ukuta huu ni mwembamba. Namsikia Jaji anachana bahasha. Karatasi inakunjuliwa. Mkewe anasema soma. Jaji anavuta pumzi —

Wifi amezima.

Mkunga anaita: binti, tunakusubiri. Na mimi niliyekichoma kichwa cha mama aliyewapokea wanangu, niliyemtwika mwenzangu mzigo usio wake, kitu cha kwanza kilichonipanda moyoni, cha kwanza kabisa, ni hasira. Si Wifi angengoja dakika moja tu!

Anaita tena. Wifi ndiye anayemjibu, sauti yake haina joto wala baridi: atakuja, mama, huyo huwa anakunja taulo.

Ziko ishirini na mbili. Nimefika ya saba.