Chai ya Njiani

Baba Zaina,

Wali umo sufuriani, mchuzi wa papa nimeufunika kwa sinia. Wifi Tatu kanisaidia kupika. Mwandiko uuvumilie, naandika kwa mkono wa kushoto.

Stovu nimeitoa kwenye kile kijumba ulichojenga nyuma ya lori, iko uwanjani. Isiwashwe tena gari likiwa linakwenda. Asubuhi nilikuomba tusimame Mapinga kidogo, chai ichemke. Ukasema, "Washa tu, Mama Zaina, njia nzuri hii." Shimo moja tu, birika likanimwagikia mkononi, mafuta ya taa yakashika moto sakafuni. Nimeuzima kwa kanga yangu ya Idi.

Hayo nimesamehe. Lakini tulipofika uliwaambia kaka zako kwamba mimi mkaidi, niliwasha bila kukuuliza. Nikanyamaza, nikakusitiri mbele za watu.

Nakwenda na Zaina kwa mama, Mbegani, nikapakwe dawa. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Ijumaa.

Wali ni mwingi kwa makusudi. Waite kaka zako wale, na wakishanawa mikono uwaambie ni nani aliyesema washa.

Mkeo,
Mama Zaina