Shikamoo ya Kaka Yusufu

Jumanne, usiku

Bado nawakasirikia wale wanawake waanika dagaa wa Katonga, majirani zetu. Leo mimi na Mama tulikwenda kwao na kikundi chetu kutetea watu wenye ulemavu wa akili, kama kaka yangu Yusufu tuliyekuwa naye, mtu wa miaka thelathini na zaidi. Mtoto mmoja akamwamkia. Yusufu akajibu, "Shikamoo."

Wanawake wakaangua kicheko. "Mzee mzima anamwamkia mtoto!"

Mama akawageukia. "Kuitikia angejulia wapi? Nani kati yenu amewahi kumwamkia?"

Mama amezeeka, na siku akiondoka, nani atawauliza hivyo? Mimi huwa namwachia yeye.

Tatu, aliyecheka kuliko wote, akajifuta mikono. "Shikamoo, kaka Yusufu."

Mama akamnong'oneza Yusufu jibu.

"Marahaba!" akaitikia Yusufu kwa sauti kubwa. Kisha akamgeukia mwanamke aliyefuata, akasubiri.