Namba Zenye Pindo

Chumbani kwako, uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Salamu tele zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, na anwani hiyo isikushtue, nitaifikia. Kwanza kaa chini, maana dada yako ana jambo la kukiri.

Kile kipimo cha pumzi ulichoninunulia, nilikipuliza kila asubuhi mara tatu, nikaandika namba kwenye daftari na kukusomea kwa simu kila Jumamosi. Ulifurahi mpaka ukapiga makofi. Basi mdogo wangu, zile namba hazikuwa zangu. Nilikuwa naongeza hamsini.

Sikuona kama ni uongo. Fundi cherehani hakati kitambaa sawasawa na kipimo, huacha cha pindo, na Mama ndivyo alivyotufundisha. Nilijiambia, leo nimepuliza mia na themanini kwa sababu malori ya yadi ya jirani yamewashwa tangu alfajiri na moshi umejaa dukani. Kesho itapanda. Kesho haikupanda, nami nikazidi kuacha pindo.

Daktari akiliona daftari anasema pumu imetulia, dawa ibaki ile ile. Wiki tatu zilizopita nikabanwa nikiwa kwenye cherehani, sauti haitoki. Shemeji yako alinibeba mgongoni hadi hospitali, yeye anayelia kiuno kila siku! Nilipopata nafuu muuguzi akanipulizisha mbele yake, kisha akafungua daftari.

"Sasa mama, hizi namba umezitoa wapi?"

Nililia kama mtoto. Tukakaa naye tukapunguza hamsini, ukurasa kwa ukurasa, ndipo mambo yakaonekana. Siku malori yakinguruma kutwa, pumzi inashuka, na kesho yake bado iko chini. Yadi ikifungwa siku mbili tatu, inapanda. Daktari amebadilisha dawa, ila kasema wazi kwamba pumu kali kama hii haitulii mtu akishinda kwenye moshi, na mapafu yatazidi kuchoka.

Najua utasema mficha maradhi kifo humuumbua. Usijisumbue, nimeshajiambia.

Kwa hiyo ule ubishi wetu wa miaka minne, kwamba nihame pale barabarani, umeshinda wewe, na usinitambie. Jana nililifunga duka la Mama na kuihamishia cherehani yake hapa chumbani kwako, mbali na barabara. Roho iliniuma sana. Nilisimama na ufunguo mkononi mpaka shemeji yako akaunyakua. Wateja wananung'unika kwamba ni mbali. Watembee, wao wana mapafu.

Nisamehe kwa kukufurahisha kwa namba za kuongeza. Niliogopa utaacha kazi urudi kuniuguza.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, na shemeji yako anakusalimu akiwa amejilaza na kiuno chake. Mungu akulinde, akupe kila pumzi unayoihitaji.

Leo asubuhi nimepuliza dirishani kwako, mara tatu.

Wako akupendaye daima,
Dada yako,
mia mbili na kumi, bila pindo.