Chumba cha Upande wa Bahari

Wadi Nasim, Kairo Mpya
20 Julai 2008

Kwa Bibi yangu mpendwa, Bibi Inshirah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na kifua hakikubani. Sisi wazima, ila mama anakohoa vumbi na baba amekauka sauti kwa kugombana na fundi wa marumaru.

Ulisema nikuandikie kwa sababu simu na masikio yako havipatani. Nimefurahi, maana kwenye simu huwa nameza maneno.

Tumehamia, Bibi. Nyumba ni kubwa, nyeupe, na nje yake hakuna kitu. Mkate tunaufuata kwa gari. Jana nilijikaza nikamsalimia jirani, akageuka nyuma kutazama nasalimia nani. Umeme bado ni ule wa ujenzi: tukiwasha kiyoyozi, friji inazima. Mama alianika shuka barazani, mlinzi akaja mbio na pikipiki.

"Madam, ondoa. Zinaharibu sura ya mtaa."

"Mtaa uko wapi?" mama akamuuliza. "Nionyeshe, mwanangu, nami niuone."

Tukilalamika, baba ana jibu moja tu: "Lakini ni nyumba ya bahari!" Asubuhi bahari, jioni bahari, kana kwamba hatujui kuwa kwa sisi watu wa Kairo bahari ni kaskazini. Chumba kizuri kuliko vyote amekuwekea wewe, anasema ni cha upande wa bahari kabisa, upepo wa kaskazini utakuwa unakubembeleza ulale. Mimi nimelitundika pazia lako mwenyewe, lile la maua. Halijatikisika hata kidogo, lakini labda bado ni zito kwa kufuliwa. Penye upepo ni chooni tu. Baba siku hizi anasomea gazeti humo, na sisi tunapanga foleni.

Baba anauliza kama umeshakubaliana na mwenye nyumba wako, Haji Bayumi, siku ya kumrudishia ufunguo. Mimi nakuomba tu uje. Matokeo ya mtihani yametoka mazuri, nimepata asilimia ya kuniingiza kitivo cha lugha, na sina hata mtu wa kumwambia.

Mjukuu wako,
Nihal


Shubra
29 Julai 2008

Nihal, roho ya bibi yako,

Waaleikum salaam warahmatullah. Mimi mzima, namshukuru Mungu, magoti ndiyo hayo hayo. Niliposoma matokeo yako nilipiga vigelegele kwenye ngazi mpaka Mama Mina wa ghorofa ya juu akatoka na unga mikononi. "Inshirah, umeolewa?" Nikamwambia, "Na wewe ndiye shahidi!" Tumekunywa sharbati kwa ajili yako, ghorofa zote tano.

Sasa sikiliza, na barua hii usimwonyeshe baba yako.

Nyumba hii niliingia nikiwa bibi harusi. Kodi yangu ni ya zamani, imefungwa na sheria, haimtoshi Bayumi hata sigara, ndiyo maana anavyoomba nihame hajawahi kuiomba pepo hivyo. Ameshaleta mtu kupima sebule yangu, anataka kumpangisha daktari wa meno. Mimi nimekaa kwenye kochi, wananipitishia futi juu ya kichwa! Nimemwambia nitampa ufunguo baada ya Idi. Siku nitakayompa, atabadili kitasa, na hakuna atakayenirudisha hapa, hata nikilia mbele ya hakimu.

Sikukubali kuhama kwa sababu ya marumaru. Unajua kifua changu. Miaka yote hii kimeishi kwa dirisha la bahari. Nilimwambia baba yako: ukinipa chumba cha bahari, nakuja; ukinipa cha upande mwingine, niache nilipo. Akaapa.

Lakini pazia halitikisiki, na choo ndicho chenye upepo. Hilo silipendi. Fanya hivi: ingia chumbani kwangu, tandika mswala, simama uelekee kibla. Dirisha likiwa nyuma yako, ni bahari, nakuja. Likiwa mbele yako, ni kusini, na chumba hicho ni tanuri. Niandikie.

Bibi yako


Wadi Nasim
7 Agosti 2008

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, na Mama Mina pia. Sisi wazima.

Barua yako ilichelewa kwa sababu mtu wa posta haruhusiwi kuingia humu. Barua zote zinaachwa getini, kwenye boksi la viatu, na mlinzi anakaa na boksi hilo mpaka atakapokumbuka.

Kuhusu kile ulichoniuliza, bado sijapata nafasi. Chumbani kwako wanapaka rangi.

Je, ungekuja, ungependa kitanda kikae karibu na mlango au mbali na mlango?

Mjukuu wako,
Nihal


Shubra
14 Agosti 2008

Nihal,

Waaleikum salaam. Mimi mzima.

Rangi gani hiyo inayozuia rakaa mbili? Wanaipaka kwenye kibla?

Wewe tangu ukiwa mdogo, ukitaka kuficha jambo unaulizia samani. Sali, kisha uniandikie.

Bibi yako


Wadi Nasim
22 Agosti 2008

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini kifua chako kinavumilia joto hili. Sisi afya tunayo.

Nimesali chumbani kwako, Bibi. Dirisha liko mbele yangu, kidogo upande wa kulia. Nilisali tena kesho yake, nikidhani nimekosea kusimama. Liko mbele.

Nilitaka sana uje, ndiyo maana sikuandika mapema. Lakini umeniuliza, na ni kifua chako.

Usiku ule nilimwambia baba mezani. Nilikuwa nimejifunza maneno yote mbele ya kioo, yakatoka yote kwa pamoja.

"Baba chumba cha bibi si cha bahari ni cha kibla nimesali humo."

Akacheka. "Aa, umekuwa mhandisi? Mimi nimenunua bahari. Nimelipia zaidi kwa sababu ya bahari!"

Mama akaweka kijiko chini. "Ezzat, ulimuuliza nani?"

"Yule kijana wa mauzo. Mwenye mafuta kichwani. Mji wote ulikuwa umepangwa mezani, vinyumba vidogo na miti ya plastiki. Nikamuuliza wazi, 'Mwanangu, bahari ni wapi?' Akanionyesha kwa kidole: 'Hii hapa, bwana, hii yote inatazama bahari.'"

"Kidole kilikuwa wapi?"

Baba akanyoosha kidole chake mwenyewe juu ya meza. Kisha akasema polepole, "Kwenye ile buluu."

"Ziwa!" mama akagonganisha viganja. "Umemuuliza upepo, akakuonyesha maji! Mtoto wa shule za kulipia, yeye bahari anayoijua ni ya kuogelea!"

Ni kweli, Bibi. Tulitoa mkataba, umeandikwa "mandhari ya maji." Maji yenyewe ni shimo lenye trekta ndani. Mama alicheka mpaka akalia, halafu nikaona kwamba analia kweli. Aliuza bangili zake zote kwa ajili ya nyumba hii.

Baba alinyanyuka. "Hakuna anayemwandikia mama yangu habari hizi. Akishahamia atazoea. Nitamnunulia feni."

"Na akishindwa kupumua?" nikauliza. Sijui sauti ilitoka wapi. Akaniangalia kama yule jirani.

Kesho naituma barua hii mwenyewe. Nitatembea mpaka barabara kuu, nisiipitishe kwenye boksi la viatu. Usimpe Haji Bayumi ufunguo, Bibi. Usiutoe kwa ajili yangu wala kwa ajili ya yeyote.

Mjukuu wako,
Nihal


Wadi Nasim
8 Septemba 2008

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na Ramadhani karimu. Natumaini saumu haikuchoshi na hapo u mzima. Sisi wazima.

Sijapata jibu lako. Getini nimeuliza mpaka mlinzi akiniona ananyanyua boksi na kuligeuza juu chini kunionyesha kwamba ni tupu.

Baba haongei nami. Kwa mama anasema mambo ya Bayumi yamekwisha, kwamba Haji mwenyewe atakuja kwako na mashahidi kabla hata ya Idi, na kwamba lori limeshakodiwa. Simu yako inaita tu. Umekasirika? Au umeshahama moyoni ukaamua kuteseka kimya? Kama ni hilo la pili, Bibi, mimi ndiye nitakayekasirika.

Chuo wamenikubali, kile cha Abbasiya. Baba anasema ni mbali, labda nisubiri mwaka mmoja mpaka mabasi yafike huku. Mabasi! Huku hata paka hajafika.

Mjukuu wako,
Nihal


Shubra
17 Septemba 2008

Nihal, roho ya bibi yako,

Waaleikum salaam, na Ramadhani njema kwenu. Mimi mzima, usinizike. Barua yako niliipata. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi kwa baba yako, na mwezi huu una heshima yake. Na simu niliing'oa ukutani, nimechoka kuipigia kelele "nani?"

Jana baba yako alikuja. Si unajua duka lake la dawa liko hapa mtaa wa pili? Nyie mmehamia jangwani, yeye kila siku anarudi kuuza panado mlangoni kwangu. Alikuja mapema kabla ya adhana, jasho limemlowesha shati, na karatasi za Bayumi mkononi. Sikumsema. Nilimwambia, "Kaa sebuleni, futari haijaiva." Dirisha la bahari lilikuwa wazi. Nikarudi kwenye mlenda wangu.

Adhana ikaadhiniwa, nikamwita. Hakuja. Nimetoka na bakuli la tende, namkuta amelala na viatu, mdomo wazi kama alipokuwa na miaka saba. Pazia linamfunika uso na kumfunua. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akautazama mtaa, akasema, "Mama, kwangu sijalala tangu Julai."

"Na mimi ulitaka nije nikose usingizi pamoja nawe?" nikamuuliza.

Alivua viatu, akanawa. Alikula sahani mbili. Tulikuwa kwenye kunafa, tunalamba shira vidoleni, Bayumi alipogonga, na mashahidi wake wawili, na yule daktari wa meno ameshika futi. Mimi nikaanza kunyanyuka na magoti yangu haya. Baba yako akanitangulia. Hakufungua mlango, alifungua kile kidirisha chake tu.

"Haji, kila mwaka na heri. Mama hahami."

"Tumekubaliana, Daktari Ezzat! Neno la mwanamume!"

"Neno nililitoa mimi, na nyumba si yangu. Mwenyewe ndiye huyu, anakula."

Bayumi alipiga kelele ngazi nzima. Mama Mina akamjibu kutoka juu, na aliyoyasema siwezi kuyaandika hata baada ya Idi.

Kuhusu hiyo nyumba yenu, sijui atafanya nini, na nadhani hata yeye hajui. Amesema atakwenda kumtafuta yule kijana wa mauzo amfundishe Kiarabu. Bangili za mama yako ndizo zinazoniuma. Mwambie aje tukae, tuzungumze wanawake wawili bila yeye.

Chuo hakisubiri mabasi. Toka hapa mpaka Abbasiya ni vituo vichache vya treni ya chini na mwendo kidogo. Nimemwambia baba yako hivyo wakati mdomo wake umejaa kunafa, akatikisa kichwa kukubali, na mimi nimehesabu hiyo ni ruhusa. Chumba kidogo ni chako. Njoo Jumamosi, na ukija msalimie kila mtu ngazini kwa sauti, hapa watakuitikia.

Njoo na shuka lako. Langu la akiba amelilalia baba yako tangu jana, na sina moyo wa kumwamsha.

Bibi yako