Gunia la Wifi na Vidole vya Watoto wa Watu

Mama Kulthumu, mshauri wetu wa kila Jumamosi, naomba unisaidie upesi, maana nina hasira, na usiponijibu kabla ya Jumapili nitamtukana mzazi mmoja mbele ya parokia nzima.

Mimi ni monitrice wa gardienne, yaani mwalimu wa shule ya watoto wadogo, miaka kumi na moja nimewafundisha watoto wa wafanyakazi wa mgodi, wale wadogo wa miaka miwili hadi mitano, mpaka kampuni ikaacha kulipa na gardienne ikafungwa, na mwezi wa kumi mwaka jana, siku za pillage, ule uporaji wa mji mzima, watu wakabeba viti vidogo, vipande vya mbao vya rangi, shanga za kutunga, hata milango, nami nikasimama barabarani nikiwatazama majirani zangu wakipita na vitu vya watoto wao wenyewe vichwani.

Sikukaa kulia. Nilikusanya watoto tisa katika parcelle yangu, hapa uwanjani kwangu, nikaanza na kile kilichobaki katika mji huu, yaani karibu hakuna: vizibo vya bia tukavitoboa na kuvitunga kwenye waya wa shaba, udongo wa kichuguu tukaufinyanga, salopette, ovaroli ya kazi ya mume wangu, ambaye hana tena kazi ya kuivalia, nikaitundika kwenye kamba ili wajifunze kufunga vifungo, maji wakayamimina kutoka kikombe hadi mkebe, na maharagi ya rangi tatu, konzi moja kwa kila mtoto, wakatenga mekundu huku, ya njano kule. Kidole kinachookota punje leo ndicho kitakachoshika kalamu kesho, lakini nenda ukawaeleze wazazi wa hapa, wao wanataka daftari, wanataka mtoto wa miaka mitatu aimbe alfabeti kwa Kifaransa wageni wakija nyumbani, basi.

Kati ya hao tisa yuko Abigaëlle, wa miaka minne, binti wa baba Symphorien aliyekuwa soudeur, mchomelea vyuma wa kampuni. Huyu mtoto aliacha kusema siku watu walipong'oa mlango wa nyumba yao naye akiwa ndani, na kwa miezi mitano hakutoa neno, hata kwa baba yake anayemlea peke yake. Nilimpa kikombe na mkebe kila asubuhi, wiki tatu, bila kumuuliza kitu, na siku moja maji yalipofika ukingoni akaniangalia, akasema: “Inayala, Madame,” yaani imejaa. Nilikaa chini mavumbini, Mama Kulthumu. Toka hapo anaongea na mimi na wenzake, kidogo kidogo, lakini nyumbani bado, na baba yake sijamwambia, nilitaka kwanza azoee.

Sasa Jumatatu baba Symphorien alikuja saa nne asubuhi, kabla ya wakati wa kuwachukua, akakuta watoto wameketi kwenye mkeka wanachambua maharagi, akaniuliza mbele yao: “Madame, tulikuletea batoto bajifunze, ao bakuwe baboyi yako?” Ati watumishi wangu! Hakungoja jibu. Akamshika binti yake mkono wakaenda, na mtoto alinigeukia hadi walipopita kona. Sasa amewazungukia wazazi wote, Jumapili baada ya misa watakutana ili watoto wapelekwe kwa mwalimu mmoja mstaafu anayewakalisha juu ya matofali na fimbo mkononi.

Ni kweli kwamba toka Pasaka wifi yangu Mukuka, anayeuza maharagi sokoni, huniletea gunia lake kutoka Mokambo, mpakani, maharagi yakiwa yamechanganyika na mawe, na watoto wakimaliza kulichambua kabla ya adhuhuri ananiachia bakuli tatu, lakini bakuli hizo ndizo ninazowapikia watoto hao hao, na wengine hawaonji kitu kingine hadi kesho yake, sasa kosa langu liko wapi? Niambie, ninunue madaftari na fimbo kama wanavyotaka, au Jumapili niwaambie wazazi hawa yote niliyoyaona siku za pillage, jina kwa jina?

Olive, Katuba, Mei 1992

*

Madame Olive,

Umenijazia kurasa kwa hasira, na neno zito kuliko yote umeliweka karibu na mwisho ukitumaini nitalipita. Sikulipita. Ni gunia.

Konzi moja ya maharagi ni somo. Mtoto akichoka anaiacha, akipenda anaimwaga na kuanza upya, na hakuna mtu mzima anayengoja amalize. Gunia lina mwenyewe, na lina saa yake. Ulimwambia nini mtoto wa miaka mitatu aliyechoka gunia likiwa nusu? Jijibu mwenyewe, mimi jibu hilo sitaki kulisikia. Monitrice wa miaka kumi na moja anaijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote Lubumbashi, ndiyo maana nimekukasirikia.

Njaa naijua, nami naishi mji huu huu. Lakini ungeweza kuwaita wazazi ukawaambia: “Watoto hawana chakula, wifi yangu ana gunia, nani anakuja kuchambua?” Akina mama wangekuja. Symphorien mwenyewe, anayeshinda nyumbani bila kazi, angekuja. Hukuwaita kwa sababu mtu mzima angekuuliza maswali, na mtoto haulizi.

Na ninyi wazazi mnaosoma hapa, msijichekee. Mlibeba viti vya watoto wenu kichwani, leo mnamtafuta mwenye fimbo mkisema ndiyo shule. Mtoto mdogo anayepigwa kwa sababu ya herufi anajifunza kuogopa tu, na woga mnao wa kutosha majumbani mwenu. Udongo na maji havijamharibu mtoto yeyote.

Sasa wewe Olive. Madaftari usinunue, na majina ya pillage uyameze, hayatamlisha mtu. Leo hii, kabla mtoto yeyote hajaligusa tena, gunia lirudi kwa Mukuka. Kama bado anataka lichambuliwe, mkeka uwe wa watu wazima, bakuli ziwe za watoto, na Jumapili uwaambie wazazi hivyo hivyo kwa mdomo wako, pamoja na kosa lako, kabla Symphorien hajalisema.

Lakini kwake usingoje Jumapili. Nenda leo. Mwombe baba msamaha, binti yake akisikia, mwambie, “Nilibatumikisha, nilikosa.” Usimweleze habari za vidole na kalamu. Halafu umwambie kile ulichomnyima, ambacho kwangu ni kibaya kuliko gunia: kwamba mtoto wake anaongea. Mwanamume yule amekaa miezi akiangalia mdomo wa mwanawe, wewe ulikuwa na habari ukaiweka kwako, kisha unashangaa amekuona mwizi.

Akikataa kumrudisha, usimlaumu wala usimlilie. Kaa naye chini, umwonyeshe kila asubuhi afanye nini na mtoto na asimuulize nini, hadi aweze mwenyewe. Halafu urudi kwako. Abigaëlle akisema na baba yake, kazi yako imekwisha, hata kama hutakuwepo kusikia.

Mama Kulthumu